Kandambili za Baba Mlangoni

Juzi nilimwona mzee akivua kandambili mlangoni mwa duka la simu, nikainamisha uso.

Nilipokuwa mwanafunzi, kompyuta ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Tanga. Baba, aliyestaafu kwenye shamba la mkonge, alitaka moja ya kuchapia watu barua. Alinichukua nimchagulie, maana nyumbani nilijigamba nazijua. Kumbe shuleni nilizichungulia dirishani tu, nikaona viatu vimepangwa nje ya chumba.

"Baba, kwenye kompyuta hawaingii na viatu," nilimwambia tulipofika mlangoni mwa duka.

Akavua, akatangulia. Nikiwa nafungua kamba za viatu vyangu, nikaona kila mtu ndani kavaa. Nikazifunga tena.

Duka lilinukia udi na plastiki mpya. Mama wa Kihindi mwenye duka alivitazama visigino vya baba vilivyopasuka. "Mzee, ingia na viatu tu."

"Hapana, mama. Mwanangu anazisomea hizi."

Nikaificha miguu yangu nyuma ya boksi. Baba aliponiuliza ipi nzuri, nikaonyesha yenye kioo kikubwa.

Njiani alinishika bega. "Wale hawajui adabu ya kompyuta. Bahati nimekuja na msomi."

Mpaka anafariki, baba hakuigusa kompyuta ile bila kuvua viatu.