Bi Mize na Askari wa Sakafuni

Askari waliteremka bandari ya Mkoani, Pemba, mwezi wa Juni 1961, baada ya fujo za uchaguzi kule Unguja. Malori mawili yakapanda barabara ya kaskazini mpaka kijiji kimoja nje kidogo ya Mtambile, na askari thelathini kutoka bara wakapiga mahema juu ya sakafu ya kuanikia karafuu ya Bwana Marhoun, ambaye mwenyewe alikwishahamia mjini miaka mingi.

Kijiji kilifunga milango. Siku hizo watu walikuwa wamegawanyika kwa vyama, hata mtu wa chama hiki hanunui chumvi duka la mtu wa chama kile, na wapo maiti waliozikwa na watu sita tu. Lakini juu ya askari wote walikuwa na neno moja: asiwasogelee mtu.

Bi Mize binti Nyange aliwasogelea siku ya pili.

Alikuwa mjane wa miaka kama sabini, mwembamba, mgongo umeanza kupinda, na bado akilima muhogo wake mwenyewe. Alikuwa akitoka kuokota kuni alipowakuta askari wawili wanachota maji kwenye dimbwi wanamonywea ng'ombe.

"Hayo musinywe, wanangu," aliwaambia. "Yatakuueni."

Akawapeleka kisimani. Asubuhi iliyofuata alikwenda sakafuni na chungu cha uji wa mchele kichwani.

Sababu yake kila mtu aliijua. Mwanawe wa pekee, Mjaka, alikwenda na jeshi la Mfalme wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Burma, asirudi. Aliyerudi ni mwenzake, Silima wa Wingwi. Alikuja kwa miguu kumwambia mama huyu kwamba Mjaka alikufa kwa homa kando ya barabara, na kwamba siku zake mbili za mwisho kuna ajuza wa nchi ile, asiyejua lugha yao hata neno moja, aliyekuwa akimletea maji ya mchele. Bi Mize hakuuliza mengine. Tangu siku ile, askari akipita, hata polisi wa kawaida anayekwenda zake Chake Chake, yeye humtolea kata ya maji.

Basi sakafuni akawa anakwenda kila siku. Alipika uji, alishona vifungo vya mashati, aliwachemshia mwarobaini walioshikwa na homa. Koplo wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alimwita Nyanya, akamtafutia gunia la kukalia.

Jirani yake, Bi Zuweina binti Msellem, aliyekuwa wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa Oman, na aliyefunzwa naye chuo kimoja cha Kurani tangu utotoni, alimwonya mapema.

"Mize, watu wanakutazama."

"Nnajua. Nnawapa uji tu."

"Uji wao hauwashughulishi watu. Kinachowashughulisha ni muda unaokaa kule."

Mwezi wa Julai salamu zilianza kupungua. Akisema "Hamjambo" njiani, watu hujibu wakiwa wamekwishampita. Ilisomwa khitma nyumba ya tatu kutoka kwake, asialikwe. Siku moja alikuta kamba ya ndoo yake imekatwa vipande vipande, na vipande vimepangwa vizuri juu ya kizingiti. Wiki iliyofuata mbuzi wake alirudi malishoni akichechemea, mguu wa nyuma umepigwa panga. Bi Mize aliufunga kwa kitambaa. Hakumuuliza mtu. Alikwenda sakafuni kama kawaida, ila sasa alipita njia ya mbali isiyopita mbele ya maduka.

Asubuhi moja ya Agosti, koplo alikuwa akinywa uji, akauliza bila ya kumtazama, "Nyanya, ile nyumba ya bati karibu na kisima ni ya nani?"

"Ya Zuweina. Bati kaliezeka mwanawe, Hashil."

"Ana wageni wengi?"

"Wanakuja. Ijumaa baraza lilijaa, wakasomewa gazeti mpaka alasiri."

Alijibu kama mtu anavyojibu akiulizwa habari za jirani. Koplo akamshukuru kwa uji.

Siku ya tatu, jua halijapanda, askari waliizunguka nyumba ya bati. Walipekua uvungu wa vitanda, wakamwaga mchele chini, wakatoa mapanga manne ambayo kila mkulima wa Pemba anayo. Hashil alipandishwa lori mikono imefungwa kwa nyuma. Mama yake alisimama mlangoni na mtandio begani, kichwa wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Bi Mize alisikia habari akiwa njiani na chungu chake. Alikitua chini. Maneno ya koplo yalimrudia moja baada ya jengine, akajiona mwenyewe amekaa juu ya gunia, anajibu.

Alikwenda mpaka sakafuni.

"Wewe ndiye uliyeniuliza," alimwambia koplo.

Koplo alikuwa akifunga viatu. "Mimi hutumwa, Nyanya. Nikiambiwa uliza, nauliza."

"Na uji wangu ulikuwa unakunywa kwa kutumwa?"

Bi Mize akageuka, akenda moja kwa moja nyumba ya bati, mbele ya macho ya watu waliojaa uwanjani.

"Zuweina," alisema, "niliulizwa wageni wa Hashil, nikajibu. Sikujua nnalojibu, lakini kinywa ni changu."

Bi Zuweina aliupandisha mtandio kichwani. "Nenda kwako, Mize," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla hawa hawajakusikia vizuri."

Kesho yake Bi Mize aliwapikia askari uji. Wengi hawakuamini. Alikiweka chungu pembeni ya sakafu, akakaa mbali na gunia. Koplo alipomsalimia alimwambia, "Maji nitakupeni, na mgonjwa nitamtazama. Maneno nimemaliza." Hakusema nao tena mpaka walipoondoka mwezi wa Oktoba.

Hashil aliachiwa baada ya siku ishirini na tatu. Alirudi sikio la kushoto halisikii. Hakuhadithia kitu, wala hakupita mlangoni kwa Bi Mize. Kwa karibu miaka miwili bibi huyo alichota maji peke yake, wakati wengine wamekwishaondoka kisimani.

Julai 1963 uchaguzi ulikuja tena, na malori yakaja tena. Hawa walikuwa askari wengine, wachache, wadogo wa umri, wakaweka kizuizi cha magogo njia panda. Bi Mize, macho yameingia ukungu, alijitwika chungu. Katikati ya njia akamkuta mtu amesimama. Alimtambua kwa namna alivyoinamisha sikio la kulia.

"Bi Mize, leo usende," Hashil alisema.

"Nnawapelekea maji."

"Nnajua. Ndiyo maana nnakwambia usende."

Nyuma ya Hashil, chini ya mikarafuu, alihisi watu. Hawakuwa wakichuma. Hawakuwa wakizungumza. Mmoja alikohoa, mwengine akamnyamazisha. Bi Mize alisimama mpaka shingo ikamuuma kwa uzito, kisha akampita Hashil, naye hakumzuia.

Alifika kizuizini, akawapa askari maji, akakaa juu ya gogo katikati yao. Hawakuambiwa chochote. Walimwona bikizee amechoka, wakamwacha. Alikaa mpaka magharibi. Kesho yake akaja alfajiri, akakaa tena, na siku ya tatu vilevile, jua likimpiga utosini, kwa sababu alijua hakuna katika wale waliowavizia askari mikarafuuni atakayekubali kuwa ndiye aliyemuua ajuza wa kijiji. Siku ya nne matokeo yalikwishatangazwa, na vichakani hapakuwa na mtu.

Hakuna aliyemshukuru. Alitoka pale na homa, na homa haikumwachia.

Alikufa mwezi wa Disemba. Bi Zuweina alikuja bila ya kuitwa, akamwosha. Hashil alishika jeneza, pamoja na wanaume kumi na mmoja wa vyama vyote viwili, mpaka makaburini. Mmoja wao, aliyekuja na basi kutoka Mkoani, alikuwa na habari za mjini ambazo hakuzipenda, kwamba uhuru umepatikana na huko Unguja watu wananong'ona fujo nyengine, lakini alingoja mpaka udongo urudishwe ndipo azitoe.