Viatu vya Tairi Vilivyolala Upande

Harufu ya mpira uliolowa maji ukikatwa kwa kisu bado inanirudisha Magarama, pale Gitega, kwenye manyunyu ya asubuhi, mimi nimekaa juu ya tairi kuukuu namtazama baba. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania miezi michache nyuma. Baba alikuwa fundi wa makatambuga, vile viatu vya tairi, na tuliishi kwenye kiwanja alichokilinda mdogo wake, baba mdogo wangu, miaka yote tuliyokuwa ukimbizini.

Baba mdogo alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi kutoka Muyinga. Tairi zake zilizochoka alimpa baba. Shida, ndugu zangu, zilikuwa zimelika upande mmoja: ukingo wa nje una meno mazuri, wa ndani laini kama ufizi wa kichanga. Viatu vilivyotoka humo vilikuwa vinene huku, vyembamba kule. Vyangu vilinilaza kushoto, nikawa natembea kama niko ndotoni, nami nilipenda hivyo. Wateja hawakupenda. Baba alijua sababu, kwamba magurudumu ya mbele hayakukaa sawa na yalikuwa yakiburuzwa barabarani, lakini mteja akilalamika alisingizia kisu.

"Mwambie mdogo wako," mama alimsihi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," baba akajibu. "Mimi hata jembe sijapewa, nianze kukosoa gari la mwenye nyumba?"

Asubuhi moja baba mdogo alikuwa anaondoka kwenda Muyinga kumleta bibi, mama yao, aje kukaa nasi. Pikapu inanguruma, akaniona napita.

"We mtoto, mbona unatembea upande? Mguu iko na nini?"

"Si mguu, baba mdogo. Ni tairi lako."

Nikavua kiatu nikampa. Alikigeuzageuza, akazima gari, akapiga magoti na kupitisha mkono nyuma ya gurudumu, kule jicho lisikofika. Mkono ulirudi na damu kidogo. Waya za ndani ya tairi zilikuwa zimetokeza.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ungeniacha nimbebe mama juu ya hii?"

Baba alikuwa ameshika kisu, hakati kitu. "Niliogopa utaona nakudharau. Hapa mimi ni mgeni."

Baba mdogo alikaa pale pale kwenye tope, na suruali yake ya safari. "Mgeni? Mi nililinda hapa miaka yote nikingojea mwenye nyumba. Leo we unaniambia aliyerudi ni mgeni."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Wakaenda pamoja kwa fundi, tairi zikabadilishwa, magurudumu yakanyooshwa. Kesho yake bibi akafika, amekaa mbele, kikapu mapajani.

Tairi zilizofuata zililika sawasawa. Baba akanikatia viatu vipya, nami nikalia nikivitaka vya zamani.

Siku hizi nina gari langu, na kabla ya safari hupitisha mkono nyuma ya kila gurudumu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba baba naye alikuwa akitembea upande, nyumbani kwake mwenyewe, na hakuna aliyemwuliza mguu una nini.