Kuba Lililokwisha Kuanguka

Watu wa ofisi ya majengo walimpachika jina la Mama Nyufa, kwa kuwa akiingia nyumbani kwa mtu husalimia kuta kwanza, wenyeji baadaye. Alikuwa mhandisi, na kilichomkosesha raha ni kuba la soko la zamani: mawe matupu, duara juu ya duara, bila hata kipande cha chuma, na waliolijenga wamekwisha kuwa udongo. Bosi wake alitaka libomolewe yapatikane maegesho ya magari. Alichongoja ni ripoti yenye saini ya Mama Nyufa tu.

Ubaya ni kwamba chini ya kuba hilo ndipo alipokuwa akishonea mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko uzi.

Mama Nyufa aliyapiga mawe picha, akaliingiza kuba zima kwenye kompyuta, akaiamuru ikokotoe. Skrini ikawa nyekundu tupu. Kwa hesabu ile, kuba lilikuwa limeanguka zamani, tena na wanunuzi wote ndani. Mumewe alipopewa habari hizo hakuacha hata kukanyaga cherehani. Aliuliza kama marehemu naye hupewa chakula cha jioni.

Yalimkera maneno yale, na yalimkera kwa sababu yalikuwa na maana. Akarudi ofisini, akaukuta upumbavu wake: alikuwa ameiambia kompyuta kuwa kuba ni kitu kimoja, kama bakuli lililofunikwa. Bakuli likivutwa hustahimili. Mawe yakivutwa huachana. Na haya yalikwisha kuachana. Nyufa alizozidhania ugonjwa zilikuwa zimeligawa kuba vipande kama chungwa, kila kipande kimemwegemea mwenzake wa ng'ambo, vyote vimetulia tuli. Akaziingiza nyufa, akakokotoa upya. Uzito ukateremka ndani ya mawe mpaka ukutani bila kuchungulia nje. Akacheka peke yake kwa furaha kama mwehu.

Kisha akaliona doa moja jekundu, chini kabisa, pale kuba linapousukuma ukuta kwa nje. Alipajua. Ukuta ulikuwa umechimbwa shimo pana la kuwekea cherehani na vitambaa, na mchimbaji alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Alitamani kulifuta lile doa. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka akajiona mwizi, akakiondoa. Jioni akamweleza mumewe kwamba kuba litasimama, mradi shimo lile lijazwe mawe.

"Kwa hiyo wote wanabaki ila mimi?" mumewe akauliza, safari hii bila utani.

"Wanabaki kwa sababu wewe unatoka. Na nimeshasaini, baba watoto."

Shimo likajazwa mawe, soko likabaki wazi, bosi akanuna. Cherehani ikahamia sebuleni, mahali pa meza aliyokuwa akifanyia hesabu Mama Nyufa, naye sasa hesabu zake anazifanyia jikoni. Kila akija mgeni, mumewe humkaribisha kwa maneno yaleyale: "Kuba halijambo. Kilichobomolewa ni kwetu."

Mgeni hucheka. Wao wawili hawacheki.