Jembe la Bibi Nje ya Kanisa

Jumapili iliyopita nilirudi kijijini kwetu Kwihara, nikafika kanisani na jembe begani. Kijana wa kwaya aliyesimama mlangoni alinitazama juu mpaka chini. "Shikamoo, mama. Tafadhali usiliegemeze ukutani, rangi bado mbichi." Nikacheka peke yangu. Ukuta huohuo, rafiki yangu, ndio uliobeba jembe la bibi yangu msimu mzima.

Nilikuwa darasa la pili. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, kijiji kizima kinanukia udongo. Jirani yetu, mjane wa Kiislamu, alikuwa ameteleza kisimani akavunjika mguu. Wanawe walikuwa mbali, hakuwa na mtu wa kumsaidia, na bila matuta asingevuna hata kiazi kimoja. Siku za wiki bibi alikuwa na shamba lake mwenyewe, kwa hiyo ilibaki Jumapili.

Basi alikuja na jembe ibadani, akaliacha nje, akaimba nyimbo zote kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na baada ya baraka tukaenda moja kwa moja kwa jirani. Mimi nilipanga nyasi, yeye akazifukia kwa udongo mpaka tuta likasimama.

Mzee wa kanisa hakuchelewa kusikia. "Mama, hii ni siku ya Bwana," alimwambia mbele za watu. "Ukilima tena, Meza yake hutaikaribia."

"Nimekusikia, baba. Humu ndani tumeomba riziki. Ya jirani yangu iko kule shambani, nami nakwenda kuitafuta."

Jumapili iliyofuata akaja na jembe.

Siku ya Chakula cha Bwana walimnyima kweli. Aliipenda mno Meza ile, na mimi niliona aibu hadi nikajifunika khanga yake. Alinyanyuka taratibu, tukatoka. Chini ya ukuta tukamkuta jirani amekaa, mguu umefungwa vijiti, jembe letu mapajani. Sijui alijikokotaje mpaka pale.

"Wamekunyima, dada?"

"Wameninyima."

Jirani akafungua fundo la khanga, akatoa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa juani, akammegea bibi. Walikula huku wenzake bibi wakiimba ndani. Bibi alilia, nilimwona. Kisha akajifuta uso, akashika jembe. "Haya, twende. Matuta hayajiinui yenyewe."

Wote wawili wameshazikwa, na mzee wa kanisa pia. Siku hizi vipaza sauti vinaimba mpaka barabarani, na ibada ikiisha kila mtu anadandia pikipiki kwenda kwake. Inaniuma, sikufichi. Na mjukuu wa yule jirani amejifungua juzi kwa upasuaji, mvua zimeanza, shamba lake halijaguswa.

Nilimtii yule kijana, ukuta sikuugusa. Jembe nilililaza mlangoni, pale ambapo kila aliyetaka kutoka ilibidi aliruke.