Wivu Wangu Kwenye Benchi la Zahanati

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, likizo ya mwaka wangu wa pili chuo kikuu, tulipelekwa wawili kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kiwangwa: mimi na msichana wa darasa langu, mzaliwa wa Bagamoyo mjini. Kazi yetu ilikuwa kuwauliza wagonjwa wanahudumiwaje. Mwalimu wetu alisema atakayeleta taarifa bora atamfanya msaidizi wake. Moyoni kazi ile nilishaipata.

Nilikuwa na fomu ya maswali kumi na mawili. Nikawafuata wagonjwa kwenye benchi la barazani. Mnapokelewaje? "Vizuri." Dawa je? "Zipo, alhamdulillahi." Mama mmoja aliyevimba shavu kwa jino alinijibu "vizuri" mara kumi na mbili, mdomo haufunguki. Nikaanza kuitilia shaka fomu, kisha mwalimu aliyeitunga, kisha somo lenyewe. Mimi mwenyewe sikujitilia shaka.

Mwenzangu hakushika kalamu. Alikaa mkekani na wanawake, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, akapakata watoto wao, akauliza habari za mihogo na mananasi na za wakwe. Huko kulikuwa na vicheko. Nikisogea, kimya.

"Mjukuu wangu," bibi mmoja aliniita, "kila siku watuuliza kama tumetibiwa vizuri. Dawa unazo?"

"Sina, bibi."

"Basi kaa, uipumzishe hiyo karatasi."

Wakaangua kicheko, na mwenzangu akacheka nao. Kicheko chake ndicho kilichoniuma.

Siku ya nne akanieleza alichokipata, kwa moyo mweupe kabisa. Dresa, ambaye ndiye aliyekuwa akitibu pale peke yake, alimuuliza kila mtu ugonjwa wake kupitia dirishani, kwa sauti, benchi zima likisikia. Mwanamke atalitajaje titi lake, na baba mkwe amekaa hapo? Basi wote walisema homa, wakapewa vidonge vya homa, wakaenda zao. Mmoja alikuwa na jipu la titi. Alikubali kuja kesho yake, mradi mwenzangu aingie ndani amsemee.

Siku nne nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka dirisha lile. Fomu haikuuliza habari za dirisha, lakini masikio nilikuwa nayo.

Jioni nikamwendea dresa. Nilijiambia kwamba ukweli unataka kila upande usikilizwe.

"Mwenzangu ataandika kwamba unatangaza siri za wagonjwa," nikamwambia. "Wanawake wamemsimulia."

"Wanawake gani?"

"Hao hao wa benchi."

Asubuhi dresa akatokeza kichwa dirishani. "Nani kanisema? Mwenye siri asimame, nimpigie ngoma!"

Hakusimama mtu. Walibeba watoto mgongoni, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mwenye jipu alikutana nao njiani, akasikia, akageuka.

Mwenzangu alinitazama tu, akajua. Hakunigombeza. Aliingia kwa dresa: "Shikamoo, mjomba." Wakazungumza kitambo kirefu, nilimsikia akiomba, sikumsikia akilaumu. Mwishowe wakaibeba pamoja meza ya dresa, wakaiondoa pale dirishani na kuipeleka chumba cha ndani, naye akavua kanga yake ya kujitanda, akaitundika mlangoni iwe pazia.

Kisha akashika njia kwenda kwa yule mwanamke mwenye jipu. Nikamfuata bila kuitwa, tukapita mashamba ya mananasi. Tulipofika, yeye alikaribishwa ndani. Mimi nikaambiwa nisubiri uani. Nilisubiri sana. Nilisikia kilio, halafu sauti ya chini ya mwenzangu, halafu, sijui kwa nini, mtu akacheka.

Wakatoka wawili, mgonjwa amemwegemea begani. Wakanipita. Nilipaswa kufurahi kwamba jipu litapasuliwa. Nilichokuwa nikikiwaza ni kwamba hili nalo ataliandika yeye, na litakuwa kweli tupu.