Daftari la Chemchemi ya Moshono

Juzi alinijia binti mmoja, mwanafunzi wa chuo anayetafiti chemchemi za upande huu wa Mlima Meru. Alisikia kwa jirani kwamba ninalo daftari la utotoni. "Shikamoo mama," aliniamkia, akaliomba. Nililitoa kabatini.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu. Nilipokuwa darasa la tano, chemchemi ilikuwa chini ya migomba ya bibi, hapa hapa Moshono. Mwalimu wa sayansi alinichagua mimi peke yangu niende kila asubuhi kuandika ndege na vyura niliowaona. "Andika ulichokiona," alinisisitizia. "Kama hukuona kitu, andika hukuona."

Siku tatu nilikwenda. Kisha ukaingia mwezi wa saba, na baridi yetu unaijua: ukungu mpaka mlangoni, majani yanakulowesha hadi magotini. Jikoni kwa bibi moto ulikuwa unawaka, kahawa inakaangwa, na bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando, linanisubiri. Nikakaa papo hapo, nikaandika. Ndege wawili, shorobo, mabawa mekundu. Chura wa kijani juu ya jani la mgomba. Bibi akaniangalia, akasema, "Macho yako makali, yanapita hata ukutani." Nikacheka.

Mwalimu alilisoma daftari mbele ya shule nzima, wakanipigia makofi. Siku ile ndipo nilipojua nitakuwa mwandishi. Hadithi zote ninazoishi kwazo zilianzia kwenye makofi yale.

Chemchemi ilishafukiwa kwa kifusi, pamejengwa nyumba za kupanga. Bibi hayupo, mwalimu hayupo. Binti alifunua kurasa kwa furaha. Kuna chemchemi nyingine huko juu, alisema, nayo inataka kufukiwa, na wanaotaka kujenga wanabisha kwamba maeneo haya hayajawahi kuwa na viumbe wa maana. Daftari langu lingewajibu.

Ilibidi nimwambie. "Mwanangu, siku tatu za mwanzo ni za kweli. Nyingine niliziandika jikoni."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza taratibu, kalamu mkononi, "Sasa mama, siku hizo nyingine kulikuwa na nini pale?"

"Sijui."

Alipiga picha kurasa tatu, akanishukuru, akaenda zake. Nimebaki nikifikiria asubuhi zile zote, maji yakitoka, viumbe wakija kunywa na kuondoka. Aliyetumwa kuwaangalia nilikuwa mimi, na hakutumwa mwingine.