Mabawa ya Mgongo Mdogo

Mwalimu wa dini alinichagua niwe malaika kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa, si kwa sababu nilikuwa mtoto mwema. Hilo kijiji kizima kilijua. Krismasi ilikuwa imekaribia, mvua zimeshika vilima vyetu vya Ileje, naye akaniagiza niwaambie wazazi wanitengenezee mabawa. Nilirudi nyumbani mbio, kichwa kimenivimba.

Nyumbani kwetu hapakuwa na furaha mwaka ule. Miezi michache kabla, baba akiwa bado kwenye migodi ya shaba huko Rodesia ya Kaskazini, mama alijifungua mtoto aliyeishi siku chache tu. Desturi yetu ilikuwa ngumu: mtoto aliyekufa kabla hajatolewa nje hakuwekewa msiba. Wanawake wazee walimzika asubuhi nyuma ya ghala la ulezi, mimi nikiwa nimetumwa mtoni kuteka maji. Hakupewa jina. Hakuna aliyekuja kukaa nasi, na mama alikatazwa kulia, eti machozi yangemfunga uzazi. Maziwa yalipomjaa, bibi, mama yake baba, alimfunga kifua kwa kitambaa, akamwambia akapalilie. Nilikasirika wakati ule, na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo.

Wanaume hawakuulizia mambo hayo. Baba aliporudi kupitia Tunduma, na blanketi jipya na kikohozi, bibi alimwambia mtoto amekwenda zake, naye akaitikia kwa kichwa, basi. Tangu hapo yeye na mama walizungumza habari za chumvi na kuni. Usiku mama alilala kwa bibi. Nilimsikia akimuuliza shangazi njia ya kwenda kwao kama bado inapitika wakati wa mvua. Niliogopa kwamba ataondoka na hatarudi.

Baba alijua kusuka vikapu vya mianzi. Nilipowapa habari ya mabawa, alipasua mwanzi mmoja, akachonga fito, akazipitisha juu ya moto mpaka zikakubali kupinda, kisha akaniwekea mgongoni. Yalivuka mabega yangu pande zote mbili. Nilijiona nimeshaanza kuruka.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Aliinua macho, akasema, "Punguza."

Baba akapunguza.

"Bado makubwa, baba watoto. Punguza."

Bibi alicheka. "Punguza nini tena? Huyu msichana ana mgongo wa kubeba debe. Mnataka kumvalisha mabawa ya kifaranga?"

Mama aliendelea kupepeta. Baba naye alikuwa amesimamisha kisu. Alimtazama mama kwa muda mrefu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu arudi. Kisha akaendelea kupunguza bila kuambiwa, mpaka kila bawa likaenea kwenye kiganja chake.

Mama aliingia ndani, akatoka na kipande cha merikani nyeupe. Nilikijua. Baba alikuwa amemtuma mjomba akilete kutoka ng'ambo, kwa ajili ya kumfunika mtoto atakapozaliwa, na hakikuwahi kukunjuliwa. Alikikata, akakishonea kwenye zile fito kwa mishono midogo midogo, akakipaka uji mwepesi ili kikakamae. Baba alimshikia ncha. Siku hiyo hawakuzungumza habari za chumvi wala kuni.

Mimi nililia. "Mama, haya si yangu!"

"Najua, mwanangu," alisema. "Nisaidie kuyabeba."

Siku ya Krismasi watoto walinizomea mlangoni mwa kanisa. "Kumbikumbi! Kumbikumbi huyo!" Nilitamani kuwatia makofi. Lakini nilisimama nyuma ya kihori cha mtoto Yesu kama nilivyofundishwa, nikawageuzia watu mgongo ili mabawa yaonekane, nikaanza kuimba.

Nilikuwa bado katikati ya wimbo nikamsikia mama. Hakulia kwa kwikwi za kujificha. Alilia kwa sauti kama anavyolia mtu aliyefiwa. Nikageuka. Wanawake wawili wazee walikuwa wamemshika mikono, wakimwambia, "Nyamaza, utajifunga, nyamaza!" Wimbo ukanikatikia kinywani.

Kanisani kwetu wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na hakuna aliyevuka. Baba aliinuka, akavuka. Alichuchumaa mbele ya mama, watu wote wanaona.

"Mama watoto," alisema, "twende ukanionyeshe mlikomlaza."

Bibi alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi, miguu yake imeziba njia. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaivuta ili wapite.

Niliwafuata kwenye mvua. Mama alisimama nyuma ya ghala, akanyoosha mkono kuelekea mahali palipokwisha kuota majani. Baba alivua kofia. Alikohoa, kisha akauliza.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Wa kike," mama alisema. "Alikuwa na masikio yako."

Baba akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kanisani, akalia. Mama akakaa chini kando yake, akaanza kumsimulia tangu siku ya kwanza.